Mashine ya Mama Mkwe

Mfamasia alikuwa mtu wa kusoma zile karatasi zinazokunjwa ndani ya maboksi ya dawa. Dawa ya mafua, ya minyoo, hata dawa ya meno ya wanawe, haikutumika nyumbani kwake kabla hajaisoma mpaka nukta ya mwisho, na akifika kwenye madhara anapandisha sauti ili kila mtu asikie. Mashemeji zake walimpa jina la Kutwa Mara Tatu. Walisema ukimuuliza ni saa ngapi atakwambia, halafu atataka kujua saa unaitakia nini, halafu atakuonya usiizidishe. Alicheka nao, kwa sababu shemeji wa kutaniana naye ni heri kuliko shemeji wa kukwepana naye. Lakini moyoni alijua kuwa wanasema kweli. Woga ndio uliomfaa kazini, akawa anarudi nao mpaka nyumbani.

Kwa hiyo siku mama mkwe alipomwita sebuleni, akarudishia mlango na kusema, "Nataka uninunulie mashine ya kukata nyasi," alitafuta kiti akakaa kwanza.

Hazikuwa nyasi tu. Tangu baba mkwe afariki, mama huyo aliishi peke yake katika nyumba waliyoijenga wote wawili, yenye uwanja mpana mbele na nyuma. Kibarua aliyekuwa akifyeka alihama. Mashine ya zamani ililiwa na kutu mpaka ukiitazama kwa juu unaona ardhi. Nyasi zikapanda, zikapanda, zikafika kwenye vizingiti vya madirisha, na hatimaye nyoka akakutwa stoo amejiviringisha nyuma ya ndoo. Mtoto mkubwa wa kiume, mkandarasi, mtu wa buti na sauti nene, ndiye aliyekuja kumuua. Aliponawa mikono akakata shauri papo hapo kwamba mama anahamia kwake, kwenye ghorofa, chumba kiko tayari na kimepakwa rangi. Mama akagoma. Walivutana mpaka chai ikapoa, kisha wakakubaliana jambo moja. Mkandarasi atarudi mwisho wa mwezi. Akikuta uwanja umekatwa na mama anaumudu mwenyewe, hatatia neno tena. Akikuta vinginevyo, anakuja na lori.

"Kwa nini mimi, mama?" mfamasia aliuliza. "Mashemeji ndio wanaojua mambo ya injini."

"Hao wataninunulia ya kujionyesha, au mbovu ili nishindwe haraka. Wewe unasoma." Alimwekea bahasha ya fedha mkononi na kuvifunga vidole vyake juu yake. "Nitafutie inayodumu, isiyo ya bei ya kuruka. Nataka kubaki kwangu, mwanangu. Sitaki kumaliza maisha yangu juu ya ghorofa natazama matangi ya maji ya watu."

Utamwambia nini mama mkwe akishakuita mwanangu? Mfamasia alisema sawa, akatoka nje, akaketi kwenye gari kwa muda bila kuliwasha.

Wiki iliyofuata hapakuwa na amani kwenye duka lake la dawa. Alisoma kwenye simu habari za injini mpaka macho yakamwasha. Mteja akija na kikohozi, anatoka na dawa ya kikohozi baada ya kuulizwa kama nyumbani ana mashine ya nyasi, ni ya aina gani, na ilikufa na ugonjwa gani. Mwalimu mmoja alimwambia yake ilikufa kwa sababu bodi ilikuwa ya plastiki. Fundi cherehani akasema yake inadunda mwaka wa ngapi sijui, ila aliinunua ikiwa imetumika na hajui inaitwaje. Kila jibu lilimwongezea wasiwasi. Mkewe alimtazama usiku mmoja anavyogeuza chakula kwenye sahani bila kukila, akamwambia, "Baba watoto, ni mashine tu. Hufanyiwi upasuaji."

"Ikifa kabla ya mwisho wa mwezi, mama yako anahama kwa sababu yangu."

Mkewe akaendelea kula.

Kwenye duka la mashine alipokelewa na muuzaji mwenye shati jeupe na ulimi mwepesi. Mashine zilipangwa kwenye mstari, zinang'aa, kila moja imeandikwa kuwa ndiyo bora. Mfamasia alianza mwanzo wa mstari. Ya kwanza ilikuwa rahisi sana kwa bei, akaigonga kwa kiungo cha kidole ikalia kama beseni.

"Hii ikipiga jiwe?"

"Kwani bosi unakata mawe?"

Akapita. Ya pili ilikuwa ya kuchanganyiwa petroli na oili kwenye tangi moja, kwa kipimo. Akilini akamwona mama mkwe asubuhi, miwani kaiacha kitandani, anakadiria kwa jicho. Akapita. Ya tatu ilikuwa na betri, unabonyeza kitufe inawaka, lakini bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya jirani yake. Akauliza betri inadumu muda gani. Muuzaji akaangalia dari, akasema inategemea. Mfamasia akaona hicho ni kitu kingine cha kufa kabla ya injini, na ni anasa ya watu wavivu. Akapita.

Ya nne ndiyo iliyomsimamisha. Bodi ya chuma, nene, imepakwa rangi vizuri hata upande wa chini, maana aliinama akaangalia. Petroli ina tangi lake na oili ina pake. Plagi na kisu vinapatikana kwenye duka lolote la vipuri. Magurudumu yana bearingi, hayasuguani na chuma tupu. Bei ni ya kati, inatosha kwenye bahasha na inabaki ya petroli. Aliuliza habari za vipuri, akatembea kidogo, akauliza tena, akaenda mpaka mlangoni, akarudi akauliza. Muuzaji alimjibu mara zote, ila mara ya mwisho alijibu akiwa amefumba macho.

"Tuiwashe," mfamasia alisema.

"Washa mwenyewe, bosi, ndiyo raha yake. Unaona hiki kishikio? Unakibana na mpini kwa mkono wa kushoto. Hukiachii. Wa kulia unavuta kamba. Siku yoyote ukikiachia, injini inazima hapo hapo, kisu kinasimama. Ni kwa usalama wako."

Hayo ndiyo maneno yaliyomaliza biashara. Mashine yenye woga wake yenyewe, mfamasia hakuwahi kufikiria kwamba kuna kitu kama hicho duniani. Akabana kishikio, akavuta kamba, injini ikakohoa. Akavuta tena kwa nguvu zaidi, ikanguruma. Akaachia, ikanyamaza. Alilipa, akapakia, akaondoka, na kwa mara ya kwanza wiki nzima njaa ikamshika.

Aliipeleka siku ile ile. Mashine mpya haina oili ndani, hilo alilisoma mara nyingi kupita kiasi, kwa hiyo alimimina oili mwenyewe kama anampa mtoto mchanga dawa, akachungulia kipimo, akafuta, akachungulia tena. Akaiwasha. Mama mkwe akashika mpini na kishikio chake, akaisukuma mbele, na nyuma yake ikabaki njia safi ya kijani. Alienda mpaka ukutani akarudi. Uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo mfamasia hakuiona tangu msiba.

"Jaribu na kuiwasha, mama, nione."

"Nimeona unavyofanya. Nimeelewa." Alikuwa anafuta jasho kwa ncha ya mtandio. "Nenda ukale, mwanangu. Umekonda kwa ajili yangu."

Na yeye akaenda. Utamlazimisha vipi mama mkwe avute kamba mbele yako, kama askari mgeni mazoezini? Aibu ilimzuia, kama ilivyomzuia kumchukua waende naye dukani. Alipiga simu kesho yake, akapiga keshokutwa. "Inawaka?" "Inawaka, mwanangu." "Haisumbui?" "Haisumbui. Upande wa mbele nimemaliza." Mfamasia alikata simu akiwa mwepesi, akawa anapiga mluzi nyuma ya kaunta, jambo lililowashtua wateja.

Kisha siku ya kufunga dawa za mama mkwe ikafika, kama kila mwezi. Vidonge vya maumivu, tyubu ya kuchua, karatasi ya maelekezo aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mama hapendi maandishi madogo. Akaandika kama siku zote: paka bega la kulia. Kalamu ikasimama hapo.

Bega la kulia. Tangu alipoteleza bafuni, mama mkwe hakuweza kuinua mkono ule kufikia hata msumari wa kutundikia taulo. Nani aliyejua habari hizo kuliko yeye? Yeye ndiye aliyempa kila kidonge. Yeye ndiye aliyemwambia asinyanyue ndoo, asivute pazia kwa ghafla. Halafu akaingia dukani, mtu mzima na akili zake, akauliza habari za plagi na bearingi na rangi ya chini ya bodi, akaipima kamba kwa bega lake mwenyewe. Nyie, kuna watu wanasoma mpaka wanapitwa.

Kama hawezi kuvuta, basi ile mashine inawashwaje? Alimwachia msaidizi wake kaunta katikati ya foleni, akashika ufunguo wa gari.

Aliisikia tangu barabarani, inanguruma vizuri, sawasawa. Akashusha pumzi kidogo. Alisukuma geti, akazunguka nyumba kuelekea uwanja wa nyuma, na alichokiona kilimgandisha. Mashine ilikuwa imesimama peke yake katikati ya nyasi, inawaka, inatetemeka, hakuna aliyeshika mpini. Kile kishikio cha usalama kilikuwa kimefungwa kwenye mpini kwa kitambaa, kimezungushwa na kukazwa fundo. Na mama mkwe alikuwa amepiga goti kando yake, mkono wa kushoto umeingia kwenye tundu la pembeni ambapo nyasi hutokea, anachokonoa nyasi mbichi zilizoziba.

Mfamasia hakupiga kelele. Baadaye alijiuliza kwa nini, akajijibu kwamba aliogopa mama angeshtuka na kuuingiza mkono zaidi. Alitembea, hakukimbia, akafika kwenye plagi akaing'oa waya wake kwa vidole vitupu. Umeme wa plagi ulimpiga mpaka kwenye kiwiko. Injini ikafa. Kisu kikaendelea kuzunguka kidogo, kikasimama.

Mama mkwe akautoa mkono. Ulikuwa mzima, wa kijani mpaka kwenye kifundo.

"Shikamoo, mama," mfamasia alisema, kwa kuwa mdomo ulikosa kingine.

"Marahaba." Alibaki pale chini. "Hujaniambia kama unakuja."

Waliketi kwenye ngazi za mlango wa jikoni, mama akamweleza, taratibu, bila kujitetea. Bega halivuti, na ukisimama nyuma ya mpini kamba iko kulia, mkono wa kushoto hauifikii. Alijaribu siku ile ile mfamasia alipoondoka, akalia kwa maumivu. Akagundua kwamba akikifunga kishikio, anaweza kusimama kando ya injini, akakanyaga bodi kwa mguu, akavuta kamba kwa mkono wa kushoto kwa chini. Mara nyingine inakubali baada ya kujaribu sana, mara nyingine anapumzika kwanza. Ikishawaka haizimi mpaka amalize, kwa sababu kuizima ni kuanza upya, na kuna siku hana nguvu za kuanza upya.

"Nyasi zikiziba unazitoa kwa mkono ikiwa inawaka?"

"Nazitoa kwa uangalifu."

Mfamasia alifunika uso.

"Usimwambie shemeji yako mkubwa," mama mkwe alisema. "Nakuomba. Ukimwambia nimekwisha. Sijawahi kukuomba kitu zaidi ya hii mashine."

"Sitasema," alijibu. Alikata kile kitambaa kwa kisu cha jikoni, akakitia mfukoni, akamwapisha asiiguse mpaka yeye atafute njia. Mama akaapa huku akitazama pembeni.

Njia hakuipata. Muuzaji aliisikiliza habari yote, akatikisa kichwa. Mashine ikishatiwa petroli na oili hairudi dukani, hata kwa mtu anayeuliza maswali mazuri namna hiyo. Ile ya kitufe bado ipo, bosi, bei ni ile ile. Fundi wa pikipiki aliikagua picha kwenye simu, akasema kamba inatoka pale ilipotokea kiwandani na pale ndipo itakapokaa. Bahasha ilikuwa tupu, na kwake mwenyewe ada za shule zilikuwa zimelipwa juzi tu. Alimweleza mkewe kila kitu. Mkewe alilia, akakasirika, akamkasirikia mama, kaka, na yeye, kisha akasema, "Usiniulize mimi nichague. Nikichagua nyumba nitamwona na kisiki cha mkono. Nikichagua ghorofa nitamwona dirishani."

Kila simu ikilia, mfamasia aliona damu kwenye nyasi. Alimpa mteja dawa ya macho badala ya ya masikio, akamkimbilia barabarani kuirudisha. Na alipopiga simu, mama mkwe alisema hajaigusa, lakini nyuma ya sauti yake alisikia ukimya wa mtu aliyezima kitu sasa hivi.

Mkandarasi alifika mwisho wa mwezi kama alivyoahidi, na mdogo wake, na lori halikuwepo, lakini funguo zake alikuwa nazo mkononi. Uwanja ulikuwa umekatwa wote, mbele na nyuma, mpaka kwenye kona za ukuta. Aliuzunguka. Mfamasia alizunguka nyuma yake, anatazama mikono ya mama mkwe, anahesabu vidole bila kutaka.

"Kutwa Mara Tatu," mkandarasi alisema hatimaye, "nilikudharau. Umechagua mashine." Alimpiga begani kwa furaha ya kweli. "Mama, na mimi ni mtu wa neno langu. Hebu iwashe mara moja, nikuone, niende zangu."

Mama mkwe alimtazama mfamasia. Hakumpa ishara, hakufanya lolote, alimtazama tu.

"Ngoja nimwashie," mfamasia alisema.

"Aa, wewe tunajua unaweza. Mama."

Mama akaisogelea mashine. Akakibana kishikio kwa mkono wa kushoto, akapeleka wa kulia kwenye kamba. Mfamasia aliliona bega likigoma, akaona mdomo wake unavyokazwa, na akajua kabisa kwamba angeivuta, ingemvunja lakini angeivuta, na kesho angefunga kitambaa kingine.

"Hawezi," alisema.

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyopanga. Akaendelea kabla woga haujamrudia. Akasema bega halivuti na yeye alilijua, akaipima mashine kwa mkono wake, kosa ni lake. Akasema habari za kitambaa. Akasema habari za tundu la pembeni na mkono wa mama ndani yake. Alisema yote, na wakati wote huo hakuthubutu kumtazama mama.

Mkandarasi alikuwa amegeuka rangi. Kwenye kazi yake aliwahi kumpeleka hospitali kibarua aliyefunga kinga ya msumeno kwa waya. Aliposema, hakuwa na utani. "Mama, ingia ndani ukusanye vitu vyako."

"Sitakusanya," mama alisema, bado ameshika kamba. "Mnanionea. Hapa ndipo nilipozeeka na baba yenu. Kule kwako nitakaa kama mzigo uliosahaulika, mkipita mnaniruka. Bora nikatike."

"Ukatike nani akuzike, mama?" Mkandarasi, na buti zake, alikuwa analia. "Mimi?"

Ndipo mfamasia akasema kwamba atakuja yeye. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua duka. Mama atabana kishikio, yeye atavuta kamba, mama atakata, na yeye hataondoka mpaka injini imezimwa na kupoa. Mdogo wake mkandarasi akacheka kwa pua, akasema mtu asiyeweza kuchagua soksi ndiye wa kumlinda mama. Mkandarasi hakucheka. Alienda kando ya injini, akakifunga kishikio kwa leso yake, akakanyaga bodi, akavuta kwa mkono wa kushoto kwa chini, kama ilivyoelezwa. Haikuwaka. Akavuta tena, akavuta tena, mpaka ikawaka, na yeye anahema. Akaifungua leso, ikazima.

"Jumamosi moja tu ukikosa," alimwambia mfamasia bila kumtazama, "naleta lori."

Hakukosa. Alikwenda na homa, alikwenda siku ya mahafali ya mwanawe akachelewa hotuba zote. Ijumaa akilala anaota amepitiwa na usingizi. Mama mkwe alikuwa anamngoja uwanjani, kishikio keshakibana, macho yako ukutani. Mfamasia alipoamkia, alijibiwa marahaba, na baada ya hapo hakuna neno. Alivuta kamba, mama akasukuma, akamaliza, akaachia, akaingia ndani na kufunga mlango. Chai haikutoka. Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki, mpaka mfamasia akazoea kumeza ukimya ule kama dawa chungu.

Asubuhi moja, umande bado uko kwenye nyasi, alikuwa ameshaishika kamba aliposikia anasemeshwa.

"Uliniahidi kunyamaza."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuamini kuliko hao niliowazaa." Bado alikuwa anatazama ukuta. "Kama ungenyamaza, leo ningekuwa nakupenda sana, mwanangu. Na ningekuwa sina vidole." Akaubana mpini vizuri zaidi, akajiweka sawa. "Haya, vuta. Jua linapanda."